Mtoto wangu alitibiwa malaria kali bila dripu ya kwinini wala maji ya kasi. Je, alihudumiwa ovyo?

Swali: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miaka mitatu alishikwa na homa kali, akapata degedege, kisha akapoteza fahamu. Hospitali ya wilaya walisema ni malaria kali. Walimchoma sindano, wakarudia baada ya saa 12, na kesho yake wakamchoma tena. Walimtundikia chupa moja ya maji, nayo ilidondoka pole pole mno. Kwinini hakupewa kabisa. Namshukuru Mungu amepona na tumesharudi nyumbani. Ila mama mkwe wangu hanyamazi: anasema zamani mtoto wa hali ile angewekewa dripu ya kwinini papo hapo na maji ya kutosha, na kwamba sisi tumehudumiwa kimaskini. Je, ni kweli? Na ninyi madaktari mnajuaje kuwa dawa hii inaokoa kuliko ile?
*Mama, Handeni*

Jibu: Marahaba, mama. Pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kurudi nyumbani na mtoto.

Mwanao alitibiwa sawasawa. Sindano aliyochomwa inaokoa watoto wengi kuliko kwinini, na kule kutomkimbizia maji kulikuwa ni kumlinda. Haya hatukuyasoma tu kwenye vitabu vya Ulaya. Yalipatikana kwa kuwafuatilia maelfu ya watoto wa Afrika, wakiwemo waliolazwa hospitali ya Teule kule Muheza, mkoani kwenu Tanga.

Kuhusu zamani, mama mkwe wako anasema kweli. Kwinini inatoka kwenye magome ya mti wa sinkona, mti ambao Wajerumani waliupanda hata Amani, milimani juu ya Muheza. Wafaransa waliitenga kutoka kwenye magome hayo mwaka 1820, na kwa karibu miaka 200 ndiyo iliyokuwa tegemeo la mgonjwa wa malaria kali. Lakini ilikuwa dawa ya kuogopwa. Kwinini ya mshipani haisukumwi kwa bomba, kwa sababu ikiingia upesi huweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Basi ilichanganywa kwenye chupa ya maji yenye sukari, ikadondoshwa kwa saa kadhaa, na kazi hiyo ikarudiwa kila baada ya saa 8. Pia ilishusha sukari mwilini, na mgonjwa aliyezinduka alilalamika masikio yanavuma. Vizazi vya wazazi vimekua vikiona kwamba malaria kali ni dripu, ndiyo maana mtoto asiye na chupa kubwa iliyotundikwa juu yake anaonekana hajatibiwa.

Sindano aliyochomwa mwanao inaitwa atesuneti. Chimbuko lake ni pakanga ya Kichina, mmea ambao mtafiti Tu Youyou na wenzake walitoa dawa ndani yake miaka ya 1970 mwanzoni. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Ubora wake unatokana na wakati inapompiga mdudu. Kimelea cha malaria kikishaingia kwenye chembe nyekundu ya damu huwa kichanga kwanza, na chembe hiyo bado inazunguka mwilini. Kikikomaa, chembe hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo, na hapo ndipo mtoto anapopata degedege na kupoteza fahamu. Kwinini hupiga zaidi vimelea vilivyokomaa. Atesuneti huua hata vile vichanga, kabla havijafika pa kunata. Tena inasukumwa mshipani kwa dakika chache, au kuchomwa kwenye msuli wa paja mshipa ukikosekana.

Maelezo hayo yanavutia, lakini maelezo mazuri hayatoshi. Dawa nyingi zilizoelezeka vizuri zimeua watu. Hapo ndipo swali lako la pili linapoingia, nami naliona kuwa kubwa kuliko la kwanza.

Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar kwa wagonjwa 1,461. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 22, waliopewa atesuneti asilimia 15. Ungedhani mjadala uliishia pale. Haukuishia, na kwa haki kabisa, kwa sababu wengi wa wagonjwa wale walikuwa watu wazima, ilhali huku kwetu malaria kali inaua watoto wadogo, na mwili wa mtoto hauugui kama wa mtu mzima. Ikabidi swali liulizwe upya Afrika. Kuanzia 2005 hadi 2010, hospitali za nchi tisa zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo ziliandikisha watoto 5,425 wenye malaria kali. Kila mtoto alipangiwa dawa kwa kura. Daktari hakuchagua, mzazi hakuchagua, na aliyezidiwa zaidi hakupelekwa upande mmoja kwa huruma wala kwa hofu. Kura ndiyo inayofanya makundi mawili yafanane kwa umri, kwa ukali wa ugonjwa, hata kwa mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima. Kisha wakahesabu vifo.

Katika watoto 2,713 wa kwinini walikufa 297, yaani asilimia 10.9. Katika watoto 2,712 wa atesuneti walikufa 230, yaani asilimia 8.5.

Tuilete tofauti hiyo wodini. Ni mtoto mmoja zaidi anayebaki hai kwa kila watoto 41 hivi wanaotibiwa. Muuguzi aliyefanya kazi wodi ile ile miaka 20, mwenye macho makali na moyo wa kazi, hawezi kuiona tofauti hiyo. Wiki hii wamekufa wawili, wiki ijayo hakufa hata mmoja, mvua zikianza wanakufa watano. Kifo kimoja katika arobaini kinamezwa na mambo mengine yote. Ndiyo maana mtu anaweza kukwambia kwa dhati kabisa, “Mimi nimetibu kwa kwinini maisha yangu yote na watoto wanapona,” na akawa anasema kweli. Wengi walipona. Waliokufa kwa sababu ya tofauti ya dawa hawakuwa na alama usoni. Baada ya matokeo yale, mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilielekeza atesuneti iwe dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali.

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndipo watafiti wenyewe walipopigwa na butwaa.

Mtoto analetwa mapokezi mikononi mwa mama yake. Kifua kinaunguza, miguu ya baridi. Unapitisha kiganja kutoka gotini kushuka hadi wayo na unahisi mahali joto linapokatika. Unabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka unapauka, unaachia, unahesabu sekunde. Kwa mtoto mzima rangi hurudi kabla hujamaliza kusema mbili. Kwa huyu unafika tatu na ukucha bado umepauka. Unatafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono, unayapata kwa shida, tena yanakwenda mbio. Damu haifiki mwisho wa mwili. Kila kitabu cha tiba kilituambia mtoto huyu apewe maji mengi ya mshipani kwa kasi: mililita 20 kwa kila kilo ndani ya saa moja, kisha arudiwe kama hajapata nafuu. Kwa mtoto wa kilo 12 ni mililita 240, karibu nusu ya chupa ya nusu lita, zinazoingia ndani ya saa moja kwenye mwili mdogo vile.

Hospitali nyingi za kwetu zilikuwa hazifuati mwongozo huo kikamilifu, na watu wakaona ndilo pengo la kuziba. Timu iliyoongozwa na Kathryn Maitland, daktari bingwa wa watoto aliyefanya kazi miaka mingi Kilifi, ikaamua kupima kwa kura. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi kwa Kenya, Teule ya Muheza kwa Tanzania, na nne za Uganda. Kundi la kwanza lilipata maji ya chumvi kwa kasi, la pili maji yenye albumini (protini ya kwenye damu) kwa kasi, na la tatu halikukimbiziwa chochote, lilipata dripu ya taratibu tu, kama mililita 30 hadi 48 kwa saa kwa yule mtoto wetu wa kilo 12. Makundi yote yalipata dawa za malaria au za bakteria, oksijeni na damu kwa waliohitaji. Watafiti walitarajia maji ya kasi yashinde, na utafiti ulipangwa kupima yataokoa watoto wangapi.

Januari 2011, wakiwa wameshaandikisha watoto 3,141 kati ya 3,600 waliokusudiwa, kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri kazi isimame, na ikasimama. Ndani ya saa 48, katika watoto 1,044 ambao hawakukimbiziwa maji walikufa 76, asilimia 7.3. Katika watoto 2,097 waliopewa maji ya kasi, ya aina zote mbili, walikufa 221, zaidi ya asilimia 10. Watoto hao 2,097 wangekufa kwa kiwango cha wenzao wasiokimbiziwa, vifo vingekuwa kama 153. Tofauti ni watoto 68. Walipewa kile ambacho vitabu vilisema kitawaokoa.

Matokeo yalikuwa yale yale kwa wenye malaria na wasio nayo, kwa wenye upungufu wa damu na wasio nao, hospitali baada ya hospitali. Watafiti hawakuyaficha, miezi michache tu baadaye yalikuwa yamechapishwa kwa ulimwengu mzima kusoma.

Jambo ambalo ningependa mama mkwe wako alisikie ni hili. Takwimu zilipochambuliwa zaidi na kuchapishwa 2013, ilionekana kwamba baada ya saa moja ya kwanza watoto waliokimbiziwa maji walikuwa na hali nzuri *zaidi* kwa macho. Wengi wao kuliko wenzao walikuwa wamepata joto miguuni na mapigo yanashikika. Mzazi aliyekuwa pale alimwona mwanawe akichangamka dripu ikiingia, na daktari aliona hivyo hivyo, akaandika kwenye faili kwamba mtoto anaendelea vizuri. Vifo vya ziada vilikuja saa zilizofuata. Na havikuja kama tulivyodhani, kwa maji kujaa mapafuni au ubongo kuvimba. Vingi vilitokana na mzunguko wa damu wenyewe kuzimika. Kwa hiyo anayesema “nimeona kwa macho yangu dripu inainua mtoto” ameona kweli. Alichoona ni saa ya kwanza.

Kilifi walikuwa wameshakutana na jambo la aina hii. Mwaka 2000 walichapisha utafiti wa watoto 340 wenye malaria ya ubongo. Nusu walichomwa fenobabitali ya kuzuia degedege, nusu wakachomwa sindano isiyo na dawa. Degedege zilipungua kutoka asilimia 27 hadi 11, yaani dawa ilifanya kazi yake kama ilivyoahidiwa. Lakini waliokufa upande wa fenobabitali walikuwa asilimia 18, na upande wa pili asilimia 8. Dawa ile hudhoofisha upumuaji, hasa ikikutana na dozi nyingi za diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege, na wodi haikuwa na mashine za kupumulia. Mzazi yeyote angechagua mwanawe aache kutikisika. Mimi pia, nikiwa nimesimama kando ya kitanda, ningechagua hivyo. Tangu niliposoma matokeo yale, mtu akiniletea dawa mpya swali langu la kwanza ni nani alibaki hai, siulizi kwanza nani alitulia.

Utafiti wa maji ulipingwa sana, hasa na mabingwa wa nchi tajiri. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba hospitali zile hazikuwa na vyumba vya wagonjwa mahututi, na kwamba mtoto akiwekewa mashine ya kupumulia maji hayo yasingemdhuru vile. Huenda. Lakini hospitali zisizo na vyumba hivyo ndizo wanamolazwa watoto wetu, na mwongozo unaoandikwa kwa ajili yao lazima ushuhudiwe na watoto waliolazwa humo. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka 2016: mtoto asikimbiziwe maji mpaka awe na dalili zote tatu kwa pamoja, yaani baridi ya mikono na miguu, ukucha kuchelewa kurudi rangi zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu yaendayo mbio, na hata hapo aanzishwe kwa kiasi kidogo na taratibu. Miaka mitano tangu matokeo yatoke! Mimi naona ilikuwa mingi mno, na nimesema hivyo kila nilipopata nafasi.

Kuna jambo ambalo wazazi huniuliza kwa sauti ya chini: je, watoto wetu walifanywa vya kujaribia? Ni swali la haki. Mzazi aliyefika mapokezi na mtoto anayekata roho hawezi kukaa kusoma kurasa za maelezo, na kumtaka afanye hivyo ni ukatili. Katika utafiti wa maji, mzazi wa namna hiyo aliombwa kwanza ridhaa ya mdomo kwa maneno machache, kisha mtoto alipotulia akaelezwa yote na kuombwa ridhaa kamili. Na fikiria upande wa pili. Utafiti usingefanyika, tungeendelea kuwakimbizia watoto maji kwa moyo mweupe, hospitali hadi hospitali, na wasingehesabiwa na yeyote. Hilo lingekuwa jaribio pia, lisilo na kamati ya kulisimamisha.

Tafadhali lakini, asije mtu akalichukua jibu hili akamkatalia mtoto maji. Mtoto anayeharisha na kutapika, macho yameingia ndani na ngozi ukiifinya hairudi, maji ndiyo uhai wake. Ya chumvichumvi kwa mdomo kama anaweza kunywa, ya mshipani kama hawezi. Watoto wa namna hiyo, na wenye utapiamlo mkali, hawakuwemo kwenye utafiti niliousimulia. Na mtoto asiye na fahamu, kama alivyokuwa wako, huwekewa maji ya taratibu yenye sukari kwa sababu hawezi kula na sukari yake hushuka haraka. Ile chupa iliyodondoka pole pole ndiyo hiyo. Ilikuwa imepangwa idondoke vile.

Damu nayo ina habari yake. Utafiti mwingine wa karibu watoto 4,000 wa Uganda na Malawi, uliochapishwa 2019, ulionyesha kuwa katika upungufu mkali wa damu, watoto wasio na homa hunufaika na kiasi kikubwa zaidi cha damu, wakati wenye homa hudhurika nacho. Kwa hiyo wauguzi wakimpima mtoto joto kabla ya kukadiria damu, waache wapime.

Sasa yaliyobaki ni yako. Sindano za atesuneti peke yake hazimalizi malaria. Zinapoachwa, mtoto lazima amalize dawa mseto ya kumeza ya siku tatu. Kama mlipewa vidonge wakati wa kuruhusiwa, hakikisha vimekwisha vyote. Vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa za jamii hii vimeshaonekana Rwanda, Uganda na kwetu Kagera, na dozi inayoachwa njiani huvipa nafasi.

La pili halielezwi vya kutosha wodini. Baadhi ya waliotibiwa kwa atesuneti hupata upungufu wa damu kwa kuchelewa, kuanzia kama wiki moja baada ya matibabu, hata kama malaria imeshaisha. Chembe nyekundu zilizonusurika hupasuka baadaye. Wengi hupona bila shida, wachache huhitaji damu. Mpeleke mtoto kliniki apimwe wingi wa damu wiki ya kwanza baada ya kutoka, ya pili, na tena ya nne. Katikati ya hapo mtazame viganja na ndani ya kope: vikipauka, au macho yakiwa ya njano, au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au akawa anahema na kuchoka kwa mchezo mdogo, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie mhudumu wa kwanza utakayemkuta kwamba mtoto alichomwa atesuneti na tarehe aliyochomwa, na ukiwa na karatasi ya kuruhusiwa, ibebe.